Ratili Sitini na Nane

Pietrafonda, 3 Machi 1996

Mwanangu Loreta,

Natumaini barua hii inakukuta salama huko Pescara, wewe na mjukuu wangu. Huku theluji imeanza kuondoka. Mbweha amechukua kuku wawili, goti langu linauma kama kawaida yake, na habari nyingine za kijiji huzihitaji.

Ornella ameniandikia. Nadhani hujui, na sitaki kuwagombanisha, lakini kumjibu nyuma ya mgongo wako ni uhuni, na mimi ni mzee sana kwa uhuni. Anataka kupiga mishale mwaka huu kwa ajili ya mtaa wetu wa Fontevecchia. Anasema ana miaka kumi na sita, na baba yake alianza na kumi na mitano.

Desturi yetu unaijua. Anayeshindana hapa hashiki upinde wa mti uliokatwa na mtu baki. Lazima uwe umekatwa na mtu wa damu yake. Na mumeo Panfilo aliacha gongo moja la tasso, ule mti tunaochongea pinde. Alilikata mwenyewe kule gengeni Januari ya 1984, akalishusha begani huku anaimba nyimbo za ovyo. Liko darini miaka kumi na miwili sasa, limekauka vizuri, jeupe mgongoni na jekundu tumboni, halina hata fundo moja kubwa. Nililishusha jana nikaliweka mezani. Sikuligusa tena.

Sijakwangua tasso tangu Julai ile. Naliandika wazi ili lisikae kati yetu. Upinde uliompasukia mwanangu mkononi niliutengeneza mimi, na kipande kilichompiga kwenye panja kilitoka kwenye benchi langu. Siku ya San Vito niliutundika kwenye mizani chini ya tao la kanisa nikatangaza uzito wa kuuvuta, ratili sitini na nane, na mtaa mzima ukapiga makofi. Tangu saa hiyo hakuna aliyemwita Panfilo. Sitini na Nane, njoo unywe. Sitini na Nane, msalimie baba. Wiki tano baadaye, baada ya mashindano ya Julai, walimwita hivyo hivyo msibani.

Watu hapa wameninyamazia kwa heshima, na wewe pia umeninyamazia, miaka saba. Sasa naomba ruhusa yako nimtengenezee mtoto wake. Ukisema hapana, gongo litarudi darini na hatutalizungumza tena.

Baba yako,
Berardino


Pescara, 11 Machi 1996

Baba, shikamoo.

Barua yako nilifunguliwa na Ornella mwenyewe, akasimama pembeni yangu nikiisoma. Nimemgombeza kwa ile siri, si kwa lile ombi. Nimerudi kutoka kwenye tanuri la mikate saa tano asubuhi, nikalala, nikaamka, bado anasubiri jibu. Huyu mtoto ana kichwa cha nani sihitaji kusema.

Nilitaka kukataa. Nimeanza barua mbili za kukataa nikazichana. Lakini amekuwa akijifunza hapa mjini na pinde za kuazima, za plastiki, na kocha anamsifia. Nikimkatalia ataupata upinde mwingine kwa mtu mwingine, na mtu huyo hatajua lolote kumhusu.

Kwa hiyo atakuja Pasaka umpime mikono. Nina masharti. Upinde usizidi uwezo wake hata kidogo. Na usimtangaze chini ya tao. Najua utasema bila kutangazwa haruhusiwi kushindana, basi mtangaze, lakini usimpe namba ya kubeba.

Na hili la mikono yako, Baba, sikuwahi kusema lolote juu ya mikono yako. Usiniwekee maneno mdomoni.

Nakutumia biskuti za shamari unazozipenda.

Loreta


Pietrafonda, 14 Aprili 1996

Mwanangu,

Mtoto ameondoka juzi na basi la asubuhi, bila shaka amekuhadithia yote kwa kelele. Ana mikono mirefu ya baba yake. Akivuta, mshale unahitaji inchi ishirini na saba. Concezio, yule wa mtaa wa San Rocco, alipita mlangoni akauliza kama siku hizi Fontevecchia inaazima wasichana kutoka pwani. Ornella akamjibu kwamba San Rocco ingeazima hata wazee kama wangekuwa wanaona shabaha. Nilicheka mpaka nikakohoa. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Gongo nimelichonga kwa shoka kisha kwa randa, na wiki hii limeanza kupinda. Umeona kazi hii mara nyingi, lakini niache niiseme, maana sina wa kumwambia. Naliweka kwenye ubao wa kuvutia, kamba inashuka tundu moja, narudi nyuma mpaka ukutani natazama. Mkono wa juu wa upinde unapinda kwa utii. Wa chini ni mgumu. Natia alama ya mkaa pale penye ukaidi, nakwangua tumboni mara kumi, navuta mara thelathini ili mti ujifunze, natazama tena. Ukitoa leo haurudi kesho. Zamani nilikaa ukutani na Panfilo akavuta kamba akihesabu matundu kwa sauti. Sasa navuta mwenyewe, kisha nakimbilia ukutani na goti langu bovu, na mti unanicheka.

Nataka kufika ratili arobaini. Mtoto wa Sitini na Nane hawezi kwenda chini ya arobaini, watamsema.

Kuna mambo mawili sijamwambia mtu. La kwanza, mchana, saa nane, kijiji chote kikiwa kimelala baada ya chakula, nasikia kukwanguliwa. Si kwa kisu. Ni kipande cha chupa juu ya mti mkavu, kwa utaratibu, kinatulia, kinaanza. Kinatoka chumba chenu cha juu, ambacho nimekifunga tangu mhame. Ornella alipokuwa hapa sikukisikia. Alipoondoka kimerudi.

La pili ni baya zaidi. Nilishusha vile vipande viwili vya upinde wa Panfilo ukutani, nipate kunakili unene wake. Daftari langu lina kila kipimo. Shubiri ya pili chini ya kishikio, pale ulipovunjika, nimeandika milimita kumi na sita. Nimepima mara sita. Ni kumi na tatu. Mti mkavu hauliwi namna hiyo, na nondo wala dumuzi hawagusi tasso. Milimita tatu zimekwenda wapi, Loreta? Nimekaa na vile vipande mapajani mpaka kahawa ikapoa.

Biskuti zilikuwa nzuri. Zilikuwa na chumvi kidogo.

Berardino


Pescara, 20 Aprili 1996

Baba,

Vichome hivyo vipande. Vichome leo, nje, mbali na nyumba, moshi wake unaumiza kichwa. Usivipime tena. Usikae navyo mapajani kama mtoto mchanga.

Na ratili arobaini ni za nani? Nilisema uwezo wake. Sikusema heshima ya mtu.

Ornella ana mitihani. Hajambo.

Loreta


Pietrafonda, 2 Mei 1996

Mkwe wangu,

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko urefu wake. Nimeelewa. Hutaki nipime kwa sababu unajua nitakachokikuta, na hutaki kukisema kwa sababu ulilelewa vizuri. Sina kinyongo.

Nimefikiri hivi. Mwaka ule nilikuwa na miaka sitini na minne na macho yalikuwa yameanza kufifia. Nilikataa miwani. Nilisoma kumi na tatu nikaandika kumi na sita, nikauacha upinde na sehemu nyembamba katikati ya sehemu nene, unakunjika kama goti badala ya kupinda kama mgongo. Mwanafunzi wa mwezi mmoja angeiona. Nikautangaza mbele za watu nikimwangalia Concezio usoni.

Basi upinde wa Ornella nimeusimamisha. Umefika ratili arobaini na nne, umebaki na kazi ya siku tatu, lakini hautasogea. Sauti ya chumba cha juu sasa ni kila siku, saa nane, na mimi nalala nikiitazama dari. Namjua anayekuja. Ana haki.

Nimeamua kwamba siku ya San Vito nitasimama chini ya tao, na badala ya kutangaza ratili nitatangaza kosa langu. Watu wote wasikie kwamba Berardino alimuua mwanawe kwa kiburi cha macho. Ornella awepo. Akishajua, achague mwenyewe kama atashika kitu kilichotoka mkononi mwangu. Tafadhali usimzuie kuja.

Berardino


Pescara, 9 Mei 1996

Baba,

Usisimame popote. Usiseme neno kwa mtu kabla hujamaliza barua hii.

Niliapa, na leo navunja kiapo, na aliyeniapisha anisamehe.

Mei ile ya 1989 Panfilo hakuteleza ngazini kama alivyokuambia. Kule machimboni toroli la mawe lilimburuta, bega likachomoka. Daktari wa machimbo alilirudisha, akamwambia apumzike miezi mitatu. Wewe ulikuwa katikati ya kazi ya ule upinde, unaimba benchini. Hakutaka kuikatiza furaha yako. Siku ya San Vito aliuvuta mara moja mbele za watu, akatabasamu, na jioni ile nilimlisha supu kwa kijiko kwa sababu hakuweza kuinua mkono.

Nikamwambia nenda kamwambie baba yako apunguze. Ni kazi ya saa moja kwake. Akaniambia, na maneno haya sijayasahau hata siku moja: "Sitini na nane imeshasemwa chini ya tao. Haiwezi kurudi mdomoni mwa baba."

Kwa hiyo aliupunguza mwenyewe. Mchana, saa nane, ukiwa umelala. Siku nne. Alivunja chupa ya bia akakwangua karibu na dirisha la chumba chetu. Hakuwa na ubao wa kuvutia, hakuwa na ukuta wa kurudi nyuma akatazame. Alikwangua pale pale mwanga ulipoangukia. Siku mbili za kwanza nilimshikia ncha kwa magoti. Siku mbili za mwisho nilikaa ngazini na bakuli la maharage nayachambua, nikohoe kumwonya ukitoka. Hukutoka. Yale manyoya mekundu ya mti niliyazoa kwenye aproni nikayatia jikoni, na mama, Mungu amrehemu, alilalamika kichwa kinamuuma akadhani ni upepo wa kusini.

Daftari lako liko sawa. Macho yako yalikuwa sawa. Milimita tatu nilizichoma mimi.

Hospitali, kabla hajanyamaza, aliniambia usimwambie baba. Nikaapa. Lakini nisijifanye mtakatifu. Nimekuona unajilaumu miaka saba na nimekuacha, si kwa ajili ya kiapo tu. Nilikuwa na hasira nawe. Wewe ndiye uliyeitangaza ile namba, wewe ndiye uliyekuwa mtu asiyeweza kuambiwa. Kisha nalala, naamka saa tisa usiku kwenda kukanda unga, na naona wazi kwamba ningekohoa mara moja tu, bila sababu, mara moja, ungetoka.

Sasa unajua. Sijui kama nimekuondolea mzigo au nimekubadilishia tu.

Loreta


Pescara, 28 Mei 1996

Baba,

Wiki tatu karibu, na hujajibu. Nimempigia simu mama wa duka la tumbaku, anasema anakuona, unanunua chumvi na viberiti, humsemeshi mtu. Ornella anauliza kama aje San Vito. Anauliza kila siku.

Niambie lolote. Hata nitukane.

Loreta


Pietrafonda, 18 Juni 1996

Mwanangu Loreta,

Mtoto anakuja kesho na barua hii mfukoni, na Jumamosi anarudi huku. Nimeigundisha vizuri, lakini namjua, kwa hiyo kama imefunguliwa usimgombeze.

Asante kwa kumwambia "Nenda", hata bila kusubiri jibu langu. Sikujibu kwa sababu kila nilipoanza niliona naandika uongo. Sasa nitaandika ukweli, na ni mfupi.

Nilisikia, Loreta. Mwaka ule. Sikuwa nimelala. Nilikuwa nimejinyoosha kitandani macho wazi, siku zote nne, na nilisikia chupa juu ya tasso. Nimeifanya kazi hiyo tangu nikiwa kijana, sauti ile siwezi kuichanganya na nyingine. Nilijua ni upinde wangu. Nilijua ni yeye. Na niligeukia ukutani. Ningetoka ningelazimika kuuona, kisha kwenda chini ya tao kuutangaza upya, hamsini labda, Concezio akisikiliza. Nilikuwa naipenda sana ile sitini na nane. Nikajiambia kwamba anajua anachokifanya, nilimfundisha mimi.

Kwa hiyo milimita zile nilijua zilikokwenda. Nilikuandikia kama mtu asiyejua ili wewe useme, nisiseme mimi. Nikataka kusimama mbele za watu kukiri kosa la macho, maana macho ni kosa jepesi. Umejilaumu kwa kukohoa ambako hukukohoa. Usingizi ule haukuwepo, mwanangu. Ungekohoa nisingetoka. Hilo ulitue.

Vile vipande nimevichoma, mbali na nyumba.

Upinde wa Ornella niliumaliza siku tatu kabla ya San Vito. Ratili thelathini na nane. Alipofika nilimpa hapo hapo benchini nikamwuliza jambo ambalo sikuwahi kumwuliza baba yake katika pinde zote nilizomtengenezea. Nilimwuliza, "Ni mzito?" Walikuwepo Concezio na wengine watano mlangoni, wamekuja kuchungulia. Akauvuta mpaka kidevuni, akasema hapana, babu, uko sawa. Nilifurahi kama mjinga. Nikadhani nimejifunza. Jumamosi nikatangaza thelathini na nane chini ya tao, Concezio akasema huo ni wa kutisha shomoro, watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Ilinigharimu kidogo, lakini nilicheka.

Jana, saa nane mchana, nililala. Na sauti ikaanza.

Chumba cha juu, chupa juu ya mti, inatulia, inaanza. Sikusogea. Nilijua kwamba upinde uko kwenye ndoano yake sebuleni, na vile vipande ni majivu, kwa hiyo nikaona basi, hajaridhika, na sijui tena nimpe nini. Niligeukia ukutani, Loreta. Nakuambia kama ilivyokuwa. Baada ya yote uliyoniandikia, niligeukia ukutani.

Halafu nikainuka. Sina sifa ya kujipa kwa hilo, goti lilikuwa linauma kwa kulalia upande ule. Sebuleni ndoano ilikuwa tupu. Nikapanda ngazi, mlango wa chumba chenu ulikuwa wazi.

Ornella alikuwa amekaa sakafuni karibu na dirisha. Upinde ameuweka mapajani, mkononi ana kipande cha chupa ya bia, na sketi yake imejaa manyoya mekundu. Alikuwa anakwangua pale mwanga ulipoangukia. Hakuna aliyemwonyesha. Aliniona akaficha chupa nyuma ya mgongo, akainua kidevu kama baba yake.

Nikashika fremu ya mlango. Nilitaka kupiga kelele, na nashukuru sikupiga.

Nikamwuliza tena, "Ni mzito?"

Akaitoa chupa nyuma ya mgongo. Kisha akasema, "Kidogo, babu. Lakini ulishautangaza."

Nikamwambia namba zile ni zangu, na ninaweza kuzila mwenyewe. Leo asubuhi nimeshaenda kwa paroko. Jumapili tutautundika tena kwenye mizani, mbele ya watu wote, na Concezio aandae utani wake mapema. Utakuwa thelathini na moja au thelathini, kadiri mtoto atakavyosema. Unene nimeupima. Alikuwa amekwangua nusu milimita tu, bado unaponyeka.

Lakini hayo ni ya leo. Jana nilikaa sakafuni pembeni yake, na goti langu, kazi ya dakika nzima. Nikaitazama chupa, ilikuwa na makali mazuri, nikamrudishia. Nikaibana ncha ya upinde kwa magoti, kama wewe ulivyombania baba yake, nikamwambia aendelee, ila aanze na mkono wa juu.

Baba yako,
Berardino